Mwuza Kuni wa Missouri

Kabla ya kufunga shule muhula uliopita, mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne achague mtu mmoja wa karne ya 19, asome habari zake, kisha aandike jinsi alivyoishi nyumbani kwake. "Mambo ya vita mtayakuta katika kila kitabu," alisema. "Mimi nataka kujua mtu huyo aliporudi jioni alikaa wapi, na watoto wake walimpokeaje." Wenzangu walikwenda mbio maktaba. Mimi nilikuwa na zamu ya kufagia bweni, na nilipofika, Mkwawa alikwisha chukuliwa, na Mirambo, na Tippu Tip, na hata Bismarck. Nikabakiwa na kitabu kinene kisicho na jalada, habari za maisha ya Ulysses Grant, jemadari aliyekuwa Rais wa 18 wa Marekani. Nilikitwaa shingo upande, nikakitia sandukuni pamoja na sabuni.

Nilipokianza kukisoma kwetu, niliona kwamba huyu jemadari, kabla ya kujulikana na watu, alikuwa mkulima maskini. Tena alikuwa mkulima asiyefanikiwa. Hilo ndilo lililonishika.

Grant alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la Ohio. Baba yake, Bwana Jesse Grant, alikuwa mtengenezaji wa ngozi, na nyumba yao ilikuwa karibu na mahali pa kuchunia na kulowekea ngozi hizo. Mtoto alichukia kazi ile kupita kiasi. Harufu ya damu ilimkaa puani maisha yake yote, hata alipokuwa mkuu wa majeshi hakuweza kula nyama ila iliyokaushwa motoni mpaka ikawa kama gome. Alichopenda ni farasi. Shambani alilima kwa farasi, alisomba magogo kwa farasi, na majirani walimletea farasi wakorofi awafundishe adabu. Lakini baba yake alimtaka awe afisa, akampeleka chuo cha jeshi cha West Point mwaka 1839. Kijana hakutaka. Alikwenda kwa kuwa baba alisema aende, jambo ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili watalifahamu bila maelezo.

Alimaliza mwaka 1843, akapelekwa kambi iliyo karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Rafiki yake mmoja wa chuoni alikuwa na kwao huko, shamba kubwa lililoitwa White Haven, na rafiki huyo alikuwa na dada, jina lake Julia Dent. Bibi Julia alikuwa na makengeza. Baadaye, mumewe alipokuwa mtu mkubwa, yeye aliona haya mbele ya watu akataka madaktari wamrekebishe macho. Mumewe hakutaka yaguswe, kwa kuwa alimpenda akiwa na macho hayo hayo. Nilipolisoma hilo nilimsomea mama yangu, akanitaka nilirudie.

Walioana tarehe 22 Agosti, 1848, baada ya kungojana miaka minne, maana vita vya Marekani na Mexico viliingia katikati. Siku ya arusi wazazi wa bwana arusi hawakuonekana. Baba mkwe, Bwana Dent, alikuwa na watumwa shambani mwake, na mzee Grant alichukia utumwa, akakataa kukaa karamuni katika nyumba kama ile. Kwetu arusi isiyo na wazee wa upande wa mume huhesabiwa kuwa bado haijafungwa. Lakini vijana hawa waliifunga hivyo hivyo, na ikadumu mpaka kifo.

Mwaka 1852 kikosi chake kilihamishwa kwenda pwani ya bahari ya Pasifiki kwa njia ya Panama. Julia alikuwa mja mzito, tena ana mtoto wa miaka miwili, ikabidi abaki. Ilikuwa bahati, kwa sababu kipindupindu kiliwaingia wasafiri wale huko Panama, wakafa wengi, askari na wake zao na watoto. Mtoto wa pili alizaliwa mwezi wa Julai, na baba yake alikaa miezi bila kupata habari, kwani barua zilizunguka baharini. Mimi nilizaliwa baba akiwa kazini mpakani, naye aliniona mara ya kwanza nikiwa na miezi minane. Mama husema nilimlilia kama mgeni.

Mshahara wa kapteni haukutosha kuwaleta mke na watoto. Grant akajaribu kilimo huko huko kambini. Yeye na wenzake walipanda viazi kando ya mto Columbia. Mto ukajaa, ukachukua sehemu ya shamba. Viazi vilivyosalia vilipochimbwa, kumbe watu wote wa nchi ile walikuwa wamepanda viazi mwaka huo, na hakuna aliyevitaka. Hapa nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Sisi ni watu wa Njombe. Baba yangu alipostaafu jeshini na cheo chake cha sajini, alitia karibu kiinua mgongo chote katika viazi mviringo, na msimu ule magunia yalilala barabarani mpaka yakaota.

Mwezi wa Aprili, 1854, Grant alijiuzulu. Watu walisema ni kwa sababu ya ulevi, na maneno hayo yalimfuata mpaka kaburini. Mimi sikuwapo. Naona tu kwamba mtu aliyekaa karibu miaka miwili bila kumwona mkewe, na mtoto wake wa pili hajamwona kamwe, alikuwa na sababu nyingine ya kutaka kurudi.

Alirudi bila kitu. Baba mkwe alikuwa amempa Julia ekari 80 kuwa zawadi ya arusi, na hapo ndipo Grant alipoanza ukulima wa kweli. Alikata miti mwenyewe, akachonga magogo, akajenga nyumba kwa mikono yake akisaidiwa na majirani. Akaipa nyumba jina la Hardscrabble, kwa mzaha, maana yake kama kusema mahali pa kuchakura sana ndipo upate cha kula. Bibi Julia hakuipenda. Alikuwa binti wa nyumba kubwa, naye aliona magogo yale ni ya kishamba mno. Hata hivyo walihamia humo pamoja na watoto watatu. Hawakukaa miezi mingi. Mwanzoni mwa mwaka 1857 mama yake Julia alifariki, wakarudi White Haven kumtunza mzee.

Shamba halikutosha kuwalisha. Basi Grant alipasua kuni, akazipakia katika gari la farasi, akazipeleka St. Louis, mwendo wa maili kumi na zaidi, akaziuza mitaani mlango kwa mlango. Alivaa koti lake kuukuu la jeshi, lililokwisha pauka, ambalo alama za cheo hazikuwamo tena. Maafisa aliosoma nao walipita pale mjini, wakamwona juu ya lile gari. Wengine walimsalimu. Wengine waliona haya kwa niaba yake.

Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu. Nitasema kwa nini, ingawa nilimwambia mhariri kwamba sehemu hii huenda nikaifuta.

Baba yangu naye huuza kuni. Baada ya mambo ya viazi aliikata mikaratusi aliyoipanda marehemu babu, na huleta mizigo mjini kwa baiskeli, akiwauzia akina mama wa vibanda vya chai na chakula. Huvaa kabuti kuukuu. Si la jeshi, kwani vya jeshi alivirudisha vyote alipostaafu, wala hangethubutu. Hilo alilinunua mnadani, kwa sababu ya baridi yetu. Nilipokuwa Kidato cha Pili, Jumamosi moja tuliruhusiwa kwenda mjini. Tulikuwa wanne, tumevaa sare safi, na mmoja wetu baba yake ana gari. Tulipopinda kona ya sokoni nikamwona baba anasukuma baiskeli kupanda kilima, mzigo umezidi kichwa chake, jasho linamtoka ndani ya lile kabuti. Akaniona. Akasimama, akatabasamu, akaniita kwa jina la nyumbani.

Mwenzangu aliuliza, "Yule mzee ni nani?"

Nikasema, "Ni jirani yetu wa kijijini."

Sikulisema kwa sauti kubwa, lakini barabara ilikuwa tupu. Baba alinitazama kidogo. Kisha akasema, kwa adabu kabisa kama mtu anayezungumza na mtoto wa wenyewe, "Haya, kijana. Nitawafikishia wazazi wako salamu." Akaendelea kusukuma. Viatu nilivyovaa siku ile vilitoka katika kuni zile zile.

Hakuligusia tena neno lile nyumbani, wala mimi. Likizo ngapi zimepita.

Nilikifungua kitabu tena baada ya siku mbili. Hali ya Grant haikupata nafuu. Tarehe 23 Desemba, 1857, siku mbili kabla ya Krismasi, alikwenda kwa mkopeshaji mmoja wa St. Louis akaweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22. Hati ya rehani ilihifadhiwa, ndiyo maana twaijua siku hasa. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa nne, na homa ikawapiga wote. Mtoto wa kwanza, Fred, nusura afe. Grant mwenyewe alishindwa kulima kwa udhaifu. Akaacha shamba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halinipendezi. White Haven ililimwa na watumwa, na chakula walichokula Grant na Julia na watoto wao kilitoka katika mikono hiyo. Julia alihudumiwa na watumwa tangu utoto. Grant alifanya kazi pamoja nao shambani, tena kwa wakati fulani yeye mwenyewe alimiliki mtu mmoja, William Jones, aliyempata kwa baba mkwe. Tarehe 29 Machi, 1859, alikwenda mahakamani St. Louis akatia sahihi hati ya kumwacha huru. Wakati huo hakuwa na fedha, naye angeweza kumwuza. (Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi mwaka huo, lilifungwa mwaka 1873.) Darasani tulibishana kama alikuwa mtu mwema. Wengine walisema hati ile inatosha. Mimi nasema hati ile ni nzuri, lakini kabla ya siku ile Jones alikuwa mali, na Grant alilijua. Na yuko mwingine, mwanamke aitwaye Jule, mtumishi wa Bibi Julia, ambaye alisafiri naye mpaka makambini wakati wa vita. Huyo hakungoja hati. Safarini alitoroka, akajipa uhuru kwa miguu yake.

Mwaka 1860 Grant, mwenye umri wa miaka 38, alihamia Galena, jimbo la Illinois, kuwa karani katika duka la ngozi la baba yake, chini ya wadogo zake. Ngozi zile zile alizozikimbia! Lakini ndani ya nyumba ya kupanga ya Galena kulikuwa na furaha. Mtoto wa mwisho, Jesse, alikuwa akimngoja baba mlangoni jioni na kumwita wapigane. Baba alikataa kwanza kwa upole, akasema yeye ni mtu wa amani, kisha akavamiwa, akaanguka chini, akapigwa, akaomba msamaha. Kila jioni alishindwa. Mimi katika kitabu chote, pamoja na ushindi wake mwingi, sehemu niliyoipenda zaidi ni hiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861. Jeshi lilihitaji watu waliojua kazi, na yule karani akapewa kikosi, kisha vikosi, na mwaka 1864 majeshi yote ya Muungano. Hayo yako katika kila kitabu, kama alivyosema mwalimu. Ya nyumbani ni haya. Alimchukua Fred, mwenye miaka 11, akae naye kambini. Kisha alipoona hatari akataka kumrudisha, na mama ndiye aliyeandika kwamba amwache, maana Aleksanda naye alipofuatana na baba yake vitani alikuwa mtoto. Sijui mama zetu wangesemaje. Mwezi wa Mei, 1863, katika vita vya kuutwaa mji wa Vicksburg, Fred alipigwa risasi ya mguu, naye hajatimiza miaka 13. Akapona. Bibi Julia naye hakukaa mbali. Kila mahali palipotulia kidogo alifika. Majira ya baridi ya mwisho wa vita alikaa na mumewe huko City Point, Virginia, katika nyumba ndogo ya magogo, na safari hii hakulalamika.

Adui mkuu, Jemadari Lee, alijisalimisha Appomattox tarehe 9 Aprili, 1865. Lee alieleza kwamba wengi wa askari wake walikuja na farasi wao wenyewe. Hati ya masharti ilikwisha andikwa, lakini Grant akaona kwamba wengi wao ni wakulima wadogo, na kama hawatalima msimu ule watoto wao hawatakula. Akaamuru kila asemaye ana farasi au nyumbu wake aende naye nyumbani kulimia. Mwalimu alisema ilikuwa busara ya siasa. Huenda. Mimi nadhani ni yule mtu wa Hardscrabble.

Siku tano baadaye, Rais Lincoln alimwalika yeye na mkewe kwenda naye kwenye mchezo wa kuigiza. Julia hakutaka, alitamani kuwaona watoto waliokuwa shule New Jersey, wakapanda gari la moshi jioni ile. Usiku huo Lincoln alipigwa risasi palepale kwenye mchezo.

Alikuwa Rais tangu 1869 mpaka 1877, na mwenye kutaka habari za urais atafute kwingine. Mwisho wake ndio unaorudi nyumbani. Mwaka 1884 alikuwa ametia fedha zake zote katika kampuni ya New York ambamo mwanawe wa pili alikuwa mshirika. Mshirika mwingine, Ferdinand Ward, alikuwa mwizi. Kampuni ikaanguka siku moja mwezi wa Mei. Grant alikuwa amekopa dola 150,000 kwa tajiri Vanderbilt akijaribu kuiokoa, na kwa deni hilo alitoa kila alichokuwa nacho, hata panga zake na nishani. Nikaikumbuka ile saa. Mwaka huo huo koo lilianza kumwuma, na madaktari wakagundua saratani.

Hapo akaketi kuandika kitabu cha maisha yake, ili Julia asibaki mwombaji. Mwandishi Mark Twain ndiye aliyekipiga chapa. Fred, yule mtoto wa Vicksburg, alikuwa kando yake akimtafutia hati. Alipopoteza sauti aliandika juu ya vikaratasi. Alimaliza siku chache kabla ya kufa, tarehe 23 Julai, 1885, na kitabu kilimletea mjane wake zaidi ya dola 400,000. West Point hakutaka kuzikwa, kwa sababu Julia asingeruhusiwa kulazwa pamoja naye. Wamelala pamoja New York. Yeye Julia alimfuata mwaka 1902.

Usiku mmoja wa likizo niliwasimulia wazazi habari hizi jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi. Baba alisikiliza habari za farasi kwa makini sana, na za Ward akasonya. Nilipofika kwenye gari la kuni akauliza, "Alizipasua mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba."

"Na maili kumi kwenda?"

"Na kumi kurudi."

Akatikisa kichwa. Nikataka kuendelea kwenye lile koti na wale maafisa, sauti ikakataa. Nikasema, "Baba, siku ile sokoni..."

Mama aliinua macho. "Siku gani?"

Nikajua kwamba hakumwambia hata mama.

"Mwanao alikuwa ametuma salamu," Baba alimwambia mama. "Nilisahau kukufikishia." Kisha akanigeukia mimi. "Endelea na huyo Grant. Mkewe alikaa naye?"

"Alikaa naye," nikasema.

Asubuhi tulikwenda mjini na mizigo miwili, yeye akishika usukani na mimi nikisukuma kwa nyuma. Pale kibandani mama muuza chai akauliza huyu kijana ni nani. Baba aliinama akifungua mpira wa kufungia mzigo, akachelewa kuufungua, nami naujua mpira ule, haukuwa na fundo. Nikasema mimi ni mwanawe wa tatu, nasoma Kidato cha Nne. Tuliuza kuni zote kabla ya saa nne.